Siku Niliyoitikia Marahaba

Kuanzia Aprili 2017 hadi Desemba 2019 nilitembea na ufunguo mmoja wa shaba mfukoni, mdogo, haufiki urefu wa kidole gumba. Ulikuwa wa kufuli la kibanda cha pampu, nyuma ya mtaa tunaoishi huku Eastlands, Nairobi. Ndani ya kibanda mna swichi ya pampu ya kisima, na ukutani mabomba manne yenye vali nne, kila bloku na vali yake. Aliyeushika ufunguo ule ndiye aliyekata shauri nani aoge asubuhi na nani aende kazini na uso wa jana.

Sijawahi kuwa mbunge, wala mwakilishi wa wadi, wala chifu. Ufunguo ule ndio madaraka pekee niliyowahi kushika nje ya darasa, na miezi kumi ilitosha kunigeuza mtu ambaye marehemu mama yangu asingemtambua. Nataka kueleza yalivyonigeuza, na jinsi watu watatu waliokufa yapata miaka 1,900 iliyopita, pamoja na mama mmoja wa Bloku D, walivyonirudisha.

Wanaoikumbuka Nairobi ya 2017 wanaikumbuka mitungi. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa haba, bwawa la Ndakaini kule Murang'a likapungua, na bwawa hilo ndilo linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Tangu Januari jiji likawa kwenye mgao. Kwetu mfereji ulitoa maji siku mbili kwa wiki, wiki nyingine siku moja, usiku wa manane, mtu analala akiwa ameacha koki wazi ili aamshwe na mlio wa ndoo. Bahati yetu tulikuwa na kisima cha mtaa, kilichochimbwa kwa michango ya wakazi, na matangi matatu juu ya mnara. Bahati mbaya, mwenyekiti wa wakati huo alishindwa kueleza pesa za umeme wa pampu zilikokwenda, akajiuzulu, na mkutano wa wakazi ukanichagua mimi. Nakumbuka mzee mmoja alivyosimama kunipendekeza: "Mwalimu hanywi, mwalimu hana gari, mwalimu hana tamaa." Watu wakapiga makofi. Niliamini kila neno.

Na nilikuwa na sababu nyingine ya kujiamini, ambayo sikumwambia mtu. Mwaka 2014, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini kando ya barabara ya Tom Mboya, nilikuwa nimenunua kitabu kilichochanika jalada cha maandishi ya Marcus Aurelius, Kaizari wa Roma ya kale. Kutoka kwake nikafika kwa Epictetus, kisha kwa Seneca. Hao ni wanafalsafa wanaoitwa Wastoa, na asili ya jina hilo ilinifurahisha sana mimi mtoto wa Kwale. Mwanzilishi wao, Zeno, mtu wa kisiwa cha Kipro, alikuwa akifundisha Athens miaka ya karibu 300 kabla ya Kristo, chini ya ukumbi wenye nguzo kando ya soko, na ukumbi wa namna hiyo Wagiriki waliuita stoa. Kwa Kiswahili ningesema baraza. Basi hawa ni watu wa barazani, falsafa yao ilizaliwa mahali watu wanapopita na vikapu vyao. Niliwapenda. Nilikuwa nimepigia mistari kwa penseli karibu kila ukurasa, na nilipokabidhiwa ufunguo nilijisemea kwamba mtu aliyesoma haya hawezi kuharibiwa na kibanda cha pampu.

Miezi ya kwanza nilifanya kazi vizuri, na hili nalisema bila kujisifu, maana majirani bado wanalisema. Niliandika ratiba kwa kalamu nzito na kuibandika getini. Bloku A saa kumi na moja alfajiri, B saa kumi na mbili na nusu, na kadhalika, na kila wiki bloku ya kwanza inakuwa ya mwisho. Mzunguko huo una maana yake. Matangi yakijaa, maji yanashuka kwa nguvu. Bloku ya kwanza inapata mpaka ghorofa ya nne. Kadiri matangi yanavyopungua nguvu inaisha, na bloku ya mwisho inapata mchuruziko, hasa Bloku D ambayo iko mwisho wa bomba na juu ya kamwinuko. Kwa hiyo kuwa wa mwisho si suala la kusubiri tu. Wa mwisho anaweza kukosa kabisa.

Kisha mambo madogo yakaanza. Askari wa geti, ambaye kwa miaka sita alikuwa akiniambia "Mwalimu, sukuma tu liko wazi," akaanza kuacha chai yake na kukimbia kunifungulia. Sikumwambia afanye hivyo. Mama mboga akawa anafunga sukuma wiki yangu, kisha anaongeza mkono mwingine juu. Kijana wa kinyozi akakataa pesa yangu. Jirani wa Bloku B, mwenye watoto wachanga mapacha, akawa analeta chapati Jumapili, zimefunikwa kwa kitambaa safi. Mke wangu akaniuliza, "Hizi chapati, tungekuwa hatuna ufunguo wa maji, zingekuja?" Nikamjibu kwamba asiwe mtu wa kuwafikiria watu vibaya. Kwenye mikutano mtu akaleta kiti chenye mto, wengine wote wakakalia viti vya plastiki. Na jina likabadilika. Nilikuwa Mwalimu, nikawa Mwenyekiti, na kufikia Septemba kuna watu walikuwa wakiniita Mheshimiwa, nami nikawa nageuka nikiitwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ningeliita rushwa. Hapo ndipo penye hatari, na nilichelewa sana kuiona. Ukipewa bahasha unajua umepewa bahasha. Chapati ya Jumapili haikuulizi swali lolote. Baada ya wiki nane nilikuwa nikifungua vali ya Bloku B robo saa zaidi, na mtu angeniuliza kwa nini ningesema ni kwa ajili ya wale mapacha.

Desemba ile tulikuwa na mkutano mkali. Watu walikuwa na kiu na hasira. Nikasimama na kuwaeleza kwamba kuna mambo yaliyo katika uwezo wetu na mambo yasiyo katika uwezo wetu, kwamba mvua haiko katika uwezo wetu, na mtu mwenye busara haumizwi na asichokiweza. Ni maneno ya Epictetus, ndiyo yanayofungua kile kitabu chake kidogo ambacho mwanafunzi wake Arrian alimwandikia. Niliyasema vizuri, na watu walitulia. Leo nikiyakumbuka naona aibu kuliko kwa jambo lingine lolote nililofanya katika miaka ile. Epictetus alikuwa mtumwa. Alimilikiwa na Epaphroditus, mtu ambaye naye alikuwa mtumwa kabla ya kupewa uhuru na aliyemtumikia Nero, Kaizari wa Roma. Tena Epictetus alikuwa kiwete. Alipofundisha kuhusu yaliyo katika uwezo wetu alikuwa akieleza namna mtu asiye na kitu anavyoweza kubaki mtu. Nami niliyachukua maneno ya mtumwa, nikiwa na ufunguo mfukoni, kuwatuliza wenye kiu. Mvua haikuwa katika uwezo wangu, ni kweli. Vali zilikuwa.

Katika mkutano huohuo mama mmoja wa Bloku D aliomba nafasi. Ni mtu wa Mombasa, amepita miaka 70, mtaani wote tunamwita Bi Mkubwa. Alikuwa amelala na hoja yake, ilionekana. Akauliza kwa upole: "Pampu ilipoharibika mwezi wa kumi tuliambiwa matengenezo ni shilingi 38,500. Mwenyekiti, risiti tunaweza kuiona?"

Nikasema ipo, iko kwenye faili, tutaileta. Uso ulinichoma. Nilisikia kama nimetukanwa mbele ya watoto wangu.

Nitasema sasa jambo ambalo kwa muda mrefu sikuweza hata kujiambia. Risiti ya fundi ilikuwa ya shilingi 34,000. Zile 4,500 zilizobaki zilikuwa boda zangu za kwenda Industrial Area kutafuta kipuri, na nyama choma tuliyokula wanakamati watatu siku pampu ilipopona. Tulikuwa tumechoka, tulikuwa tumeshinda kutwa na grisi mikononi, na mhazini akasema, "Hata ng'ombe anayepura nafaka hafungwi kinywa." Tukacheka tukaagiza kilo moja na nusu.

Tangu siku ya mkutano ule mzunguko wa ratiba ulisimama. Bloku D ilikuwa ya mwisho wiki hiyo, na wiki iliyofuata ikawa ya mwisho tena, na iliyofuata. Sikumnyima mtu maji. Ningeapa msikitini na kanisani kwamba sikumnyima mtu. Nilijiambia kwamba nguvu ya maji kule juu ni ndogo, hivyo ni afadhali walio karibu wamalize kwanza. Nilikuwa na maelezo ya kitaalamu kabisa.

Ikafika Februari 2018, mwezi wa jua kali. Alfajiri moja nilikuwa nikitoka kibandani. Chini ya matangi kuna koki moja ya dharura, na mstari wa mitungi ya njano ulikuwa umeshapangwa, mingi ni ya Bloku D. Bi Mkubwa alikuwa amekaa juu ya mtungi uliolazwa, kanga mbili, moja mabegani, moja kichwani. Nilipokaribia akajizuia kwa mkono kwenye nguzo ya mnara, akainuka kwa taabu, goti moja kwanza, kisha la pili. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba," nikasema, nikapita.

Nilikuwa nimefika ngazi ya tatu ya bloku yetu niliposikia nilichokisema. Nilikuwa na miaka 46. Mama yule ana miaka ya kunizaa na kumzaa kaka yangu mkubwa. Kwetu Kwale mtoto anafundishwa kuamkia kabla hajafundishwa kuvaa viatu, na tulifundishwa kwamba anayesema shikamoo anasema nashika miguu yako. Mama mwenye umri ule alikuwa ameishika miguu yangu, nami nikaitikia kama mtu anayepokea chenji. Miguu ilikufa ganzi. Nilikaa pale kwenye ngazi mpaka mtoto wa jirani aliyekuwa akienda shule akaniuliza kama ninaumwa.

Usiku ule nikakitoa kitabu kabatini. Kuna mahali Marcus Aurelius anajionya asigeuzwe Kaizari, asichovywe katika rangi, kwa kuwa jambo hilo hutokea. Nilikuwa nimelipigia mstari mwaka 2014 kama maneno mazuri ya mfalme mnyenyekevu. Safari hii nililisoma polepole. Mtu huyu alikuwa Kaizari tayari. Alitawala Roma tangu mwaka 161 hadi alipokufa mwaka 180, na sehemu ya maandishi hayo aliandika vitani, upande wa mto Danube, akijiandikia mwenyewe kwa Kigiriki. Anachoogopa si cheo. Cheo alikuwa nacho. Anaogopa rangi. Vazi la Kaizari lilikuwa la zambarau, rangi iliyokamuliwa kwa konokono wa baharini, ghali mno.

Mimi najua kuhusu rangi. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa msusi wa mikeka. Ukindu mweupe anaufunga mafungu, anauchovya katika sufuria ya rangi inayochemka, anautoa, anautazama juani, anaurudisha. Chovyo la kwanza linatoa rangi hafifu, ungedhani itafutika kwa maji. Nikamuuliza siku moja atajuaje umekolea. Akaukata utembo mmoja katikati kwa kucha akanionyesha: rangi ilikuwa imefika ndani. "Sasa," akasema, "hata ukiufua, ndio ulivyo." Chapati ilikuwa chovyo. Kiti chenye mto kilikuwa chovyo. Geti, sukuma, Mheshimiwa. Niliogopa kujikata kutazama ndani.

Kesho yake jioni nikaenda Bloku D, ghorofa ya tatu. Nilikuwa nimetunga maneno. Bi Mkubwa akanikaribisha, akanipa kiti, akaniwekea kahawa kwenye kikombe kidogo, nami nikajua kahawa ile imetengenezwa kwa maji ya mtungi.

"Bi Mkubwa, nimekuja kuomba radhi. Jana uliniamkia, na mimi ndiye niliyestahili kukuamkia wewe. Nisamehe kwa kupokea heshima isiyo yangu."

Akanitazama kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "sikukuamkia kwa heshima. Nilikuamkia kwa kiu."

Sikuwa na la kusema. Yeye akawa nalo.

"Na ile risiti, iko wapi?"

Siku ya tatu niliipeleka, ile ya 34,000, pamoja na maelezo yangu ya maandishi kuhusu zile 4,500. Mgao wangu wa nyama choma na boda nilizorudia bila sababu niliulipa kwenye akaunti ya mtaa kwa M-Pesa, na ujumbe wa malipo nikaubandika getini chini ya ratiba. Mhazini alikasirika sana. Tulikaa karibu mwaka bila kusalimiana vizuri. Bloku D ikawa ya kwanza kwa wiki tatu. Watu wa Bloku B walilalamika, na chapati zikakoma.

Kuanzia hapo nikaanza kuwasoma Wastoa kama mgonjwa anavyosoma karatasi ya dawa, si kama mwalimu. Kuna watu, hata katika chumba chetu cha walimu, wanaodhani Ustoa ni kukaza moyo, kuwa jiwe. Wanakosea, na kosa hilo linawafaa wakubwa. Mstoa alitakiwa awe mkali kwa nafsi yake na mpole kwa watu wengine. Mimi nilikuwa nimeigeuza kinyume.

Zoezi la kwanza nililishika kwa Marcus. Alikuwa na tabia ya kukivua kitu majina yake makubwa: mvinyo wa thamani ni maji ya zabibu, na vazi la zambarau ni sufu ya kondoo iliyoloweshwa katika damu ya konokono. Nikafanya hivyo kwa vyangu. Kiti cha mwenyekiti ni plastiki na sifongo. Ufunguo ni kipande cha shaba. Mheshimiwa ni sauti ya mtu ambaye hajapata maji tangu Jumanne. Hili la mwisho lilinisaidia kuliko yote. Nikiitwa hivyo nilikuwa naangalia kwanza mikononi mwa anayeniita kama amebeba mtungi.

La pili ni la Seneca. Katika maandishi yake kuhusu hasira anaeleza kwamba kila usiku, taa ikishaondolewa na mkewe akishanyamaza kwa kuwa anaijua desturi yake, anaipitia siku yake nzima, maneno na matendo, bila kujificha kitu. Nikachukua daftari la hesabu la kurasa 96, lile la jalada la kijani. Mke wangu hakunyamaza. Aliniuliza naandika nini, nikamwambia, na tangu hapo akawa ananiongezea nilivyosahau. Nina daftari hilo mpaka leo. Machi 2018: "Nimepita foleni ya mandazi, hakuna aliyenizuia." Siku nne baadaye: "Askari amekimbia kunifungulia, amemwaga chai. Sikusimama." Siku iliyofuata: "Nimemwambia askari asiache chai yake. Amedhani amefukuzwa kazi." Hiyo ilinichukua jioni nzima kumweleza. Tuliketi kibandani kwake, akaniambia kwamba wenyeviti wawili kabla yangu walimkata siku za mshahara kwa kuchelewa kufungua geti. Sikulijua hilo kwa miaka sita ya kupita mbele yake.

Kwa Epictetus nilijifunza kitu kuhusu neno moja. Anasema mtu asiseme amepoteza kitu, aseme amekirudisha. Nilipolisoma hilo nikakumbuka kwamba Kiswahili kinalo neno lake, tena la kila siku: amana. Kitu cha mwenzio unachokitunza mpaka atakapokitaka. Hata Katiba yetu ya 2010, katika sura ile ya sita ya uongozi na uadilifu, kifungu cha 73, inasema hivyo kuhusu mamlaka ya afisa wa serikali: ni amana ya umma, na anachokabidhiwa ni wajibu wa kuwatumikia watu, si uwezo wa kuwatawala. Nimeifundisha sura hiyo darasani mara nyingi, wanafunzi wanaijibu vizuri kwenye mtihani. Mimi nilikuwa nikisema "ufunguo wangu". Nikaandika daftarini: usiseme wangu.

Lakini nisidanganye. Mazoezi haya yalinipa macho, hayakunifunga mikono. Miezi ya baadaye kuna mtu alinisema vibaya kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, na alfajiri iliyofuata mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye vali ya bloku yake. Niliuona ukienda. Niliurudisha, ila nilitoka mle kibandani nikitetemeka, kwa sababu nilijua siku moja nitakuwa nimechoka zaidi, au nimeumwa, au nitakuwa na sababu nzuri zaidi.

Ndipo nikaanza kuyatazama maisha ya walimu wangu pamoja na maneno yao. Seneca alimlea Nero. Alimwandikia kuhusu huruma ya mtawala, maandishi mazuri mno, na ndani ya miaka michache Nero akamuua mama yake mzazi, na wanahistoria wa Roma wanasema barua ya kulitetea tendo hilo mbele ya baraza la seneti iliandikwa na Seneca. Alitajirika kupita kiasi katika kasri lile. Mwaka 65 Nero akamwamuru ajiue. Marcus naye, mtu aliyejichunga kwa karibu miaka 20, alimwachia ufalme mwanawe Commodus, na Roma ikajuta. Sisemi haya kuwadharau. Nawapenda kuliko nilivyowapenda nilipokuwa nawadhania watakatifu. Ila hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mtu wa kumwambia: lete risiti, na asipoleta, aondoke.

Marcus alilikaribia jambo hilo. Mwanzoni mwa maandishi yake anawashukuru watu waliomfunza, mmoja baada ya mwingine, na kwa Rusticus anasema ndiye aliyemfanya aone kwamba tabia yake inahitaji kurekebishwa. Rusticus ndiye pia aliyempa maandishi ya Epictetus kutoka kwenye vitabu vyake mwenyewe. Kaizari anapelekewa maneno ya mtumwa, na anayempelekea ni mtu asiyeogopa kumwambia ukweli. Nikasema basi, mimi Rusticus wangu namjua, anakaa ghorofa ya tatu Bloku D.

Mkutano wa Agosti 2018 nilipendekeza kibanda kiwe na kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa mwenyekiti, wa pili kwa mkazi asiye mwanakamati, na mlango usifunguke bila wote wawili. Kulikuwa na ubishi. Mtu mmoja akasema nadhalilisha cheo. Mwingine, wa Bloku B, akasema mwenyekiti mzuri hahitaji kufuli ya pili. Nikamjibu kwamba mimi si mwenyekiti mzuri, na nikawasimulia alfajiri ile ya mkono na vali, mbele ya wote, mke wangu akiwa ameketi safu ya mbele. Ukimya ulikuwa mzito. Kisha Bi Mkubwa akauliza, bila kusimama, "Kufuli ya pili ni bei gani?" Shilingi 650. Ikapitishwa.

Ufunguo wa pili wakampa yeye. Magoti yake hayakumruhusu kushuka kila alfajiri, kwa hiyo alikuwa akimtuma mjukuu wake wa kidato cha pili, msichana asiyecheka ovyo, ambaye alikuja na nakala ya ratiba na kalamu, akasimama mlangoni akitia alama kila vali ninapoifungua na dakika ninapoifunga. Siku moja nilizidisha dakika nne kwa Bloku A kwa sababu nilikuwa nikiongea na simu. Aliziandika. Nikajitetea. Hakufuta.

Desemba 2019 muda wangu ukaisha, nikakataa kupendekezwa tena. Nilirudisha ufunguo mbele ya mkutano, ukawekwa mezani, ukachukuliwa na kijana mmoja fundi wa magari. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Wiki ya kwanza ya Januari nilifika getini na mifuko miwili mizito, askari akanitazama akiwa ameshika kikombe chake, akasema, "Mwalimu, sukuma tu liko wazi." Nikasukuma. Kwa mama mboga sukuma wiki ilikuwa mkono mmoja, wa kawaida. Iliniuma. Nililiandika hilo usiku, kwamba limeniuma, na kwamba ni geti na majani ya mboga.

Jumamosi moja mwezi uleule nikamkuta Bi Mkubwa chini ya ngazi za Bloku D, mtungi wa lita 20 pembeni yake, anapumzika. Nilikuwa nimechelewa kwenda kwa fundi wa viatu. Nikasimama, nikavua kofia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Akausogeza mtungi kwa mguu kuelekea kwangu. "Ghorofa ya tatu. Polepole, mfuniko haukazi."